Mgolole wa Mtu Mfupi

Ipogolo, Iringa
11 Februari 2024

Kwako wifi yangu Faustina,

Habari za Mwanjelwa? Mguu unaendeleaje, na biashara ya mchele je? Sisi huku hatujambo. Binti yetu Joyness bado anasubiri ajira ya ualimu, na kwa sasa anawafundisha kuku wangu nidhamu. Mvua ni nzuri, mahindi ya bondeni yameanza kutoa mbelewele.

Nakuandikia kwa sababu unajua simu zetu zilivyo tangu Aroni afariki. Wewe unasema haloo, mimi nasikia sauti ya kaka yako, basi tunamaliza salio tukipenga kamasi. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi pamoja na unga wa dona. Nimeusaga mwenyewe. Nimegonga mashine mara tatu kabla ya kuiwasha, kama alivyokuwa akifanya yeye, kana kwamba anaibishia hodi.

Nina jambo. Kuna yule fundi wa mashine za kusaga, Gwakisa, kijana wa huko kwenu Mbeya. Zamani alikuja mashine ikiharibika. Tangu Krismasi anakuja kila Ijumaa, na mashine ni nzima. Analeta ndizi za Rungwe, anagusa mkanda, anasikiliza beringi, kisha anakunywa chai na kunisimulia habari za wateja wake. Nacheka, wifi. Nilikuwa nimesahau kwamba nacheka kwa sauti kubwa. Mteja mmoja aliacha debe lake akaja kutazama kuna nini.

Ijumaa moja aliingia akasema, "Shikamoo, mama Tadeo." Nikaitikia marahaba. Akasema, "Nataka kukuoa." Sasa niambie, mtu aliyekwisha kuitikia marahaba anajibu nini hapo? Nikamwambia mwanangu Tadeo amemzidi miaka miwili. Akasema anajua, ndiyo maana akimkuta humwamkia.

Nilidhani ni utani. Juzi akamtuma Mzee Filemoni, mzee wa kanisa lao, kwa shemeji Sedekia. Unajua mshenga hataji jina siku ya kwanza. Alisema tu kwamba katika nyumba ya marehemu Aroni kuna mtu ambaye kijana wake amemwona. Shemeji hakuuliza. Alisema, "Joyness wetu! Tulikuwa tunawasubiri." Mzee Filemoni alikohoa. Lakini kumsahihisha mdogo wa marehemu, tena ukiwa umekaa kwenye kiti chake, si adabu, basi akamaliza chai yake. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga karanga. Nilisikia yote na sikutoka.

Moyo wangu siujui vizuri. Ninachojua ni kwamba siku za Ijumaa nafunga kitambaa kipya. Na ninaloogopa ni moja. Kila mwezi wa tisa tunakwenda Igowole kupalilia kaburi la Aroni. Nikiwa mke wa mtu mwingine, ukoo wenu hautakuwa na sababu ya kunipa nafasi pale. Wewe ndiye dada yake. Ukisema hapana, sitalitaja tena.

Wifi yako,
Rozalia

*

Mwanjelwa, Mbeya
20 Februari 2024

Kwako wifi Rozalia,

Salamu nyingi. Unga nimeupata, ugali wake umenikumbusha nyumbani. Mguu ni uleule, kukipoa unauma, na hapa Mbeya kunapoa kila siku. Nakutumia mchele kidogo.

Barua yako nimeisoma nikiwa dukani, nikamrudishia mteja chenji ya mtu mwingine. Rozalia! Una miaka hamsini na minane. Huyo ana thelathini na ngapi, tano? Wewe ulipokuwa unambatiza Tadeo, yeye hata mimba yake haikuwepo. Mkitoka pamoja watu watamwambia, "Pole kijana, unampeleka mama hospitali?" Akiugua tumbo utampa dawa au utampiga mgongoni acheue?

Nimecheka, kisha nimekaa. Nimetazama picha ya kaka ukutani. Siwezi, wifi. Mimi nikisema ndiyo, itakuwa kama nimechukua koleo nikamwongezea udongo juu yake. Labda mtu mwingine angeweza. Mimi sina kaka mwingine aliyenibeba mgongoni kutoka shule siku niliyokatwa na jembe.

Fanya hivi. Nyamaza. Acha wadhani ni Joyness. Siku ya kutambulishana, Joyness akiulizwa kama anawajua wageni, aseme hawajui. Kijana atarudi kwao, Sedekia atakasirika wiki moja, na hakuna atakayejua lililokuwepo. Hiyo ndiyo heshima yako.

Usinione mbaya.

Wifi yako,
Faustina

*

Ipogolo
6 Machi 2024

Kwako wifi Faustina,

Natumaini u mzima. Sisi ni wazima. Mchele umefika, tumeupika na nazi, Joyness ameomba nikuambie asante shangazi.

Nimekuelewa wala sikuoni mbaya. Ijumaa nilimwambia Gwakisa kwamba hapana. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakaza mkanda, akanywa chai, akasema, "Siku ya kutambulishana nitakuja, mama Tadeo, kwa sababu Mzee Filemoni ameshaahidi." Akaondoka. Ijumaa iliyofuata hakuja. Mashine imeanza kutoa mlio, au mimi ndiye naanza kuusikia.

Joyness nilitaka kumweleza, nikakuta anajua. Alisema, "Mama, huyo fundi hata jina langu halijui. Ananiita Goodness, yule mtoto wa jirani. Ila jina la paka wako analijua." Kisha akasema atafunikwa na atatoka siku hiyo kama atakavyoambiwa, ila nisimwombe kulia, maana hatoweza.

Siku ni Jumamosi tarehe 13 Aprili. Msichana hutolewa na shangazi yake, na nguo ya kumfunika huletwa na shangazi. Kwa hiyo njoo, au kama mguu hautaki, tuma nguo. Nitamwomba mama Yudith wa nyumba ya pili ashike nafasi yako.

Leo nimefua kofia ya Aroni ile ya sufu. Haikuwa chafu.

Wifi yako,
Rozalia

*

Mwanjelwa
2 Aprili 2024

Kwako wifi Rozalia,

Pasaka imepita salama? Huku tumekula, tumesali, tumenyeshewa. Joyness hajambo?

Nimefanya jambo ambalo sikukuambia. Nimekwenda kumwona. Ana karakana nyuma ya soko, karibu na wauza mabati, mahali ambapo huwezi kusikia hata mawazo yako. Nilivaa miwani ya jua. Nilijifanya nina mashine Uyole inayosumbua.

Akauliza, "Shikamoo mama, inasumbua vipi?"

Nikamwambia inalia.

"Inalia kama nini?"

Mimi nitajuaje? Nikasema, "Kama mbuzi."

Akazima grenda. Akafuta mikono taratibu. Akasema, "Mama, mashine inayolia kama mbuzi mimi sijawahi kuiona. Ila mwanya huo wa meno nimeuona. Upo kwenye picha kule Ipogolo. Wewe ni dada wa Mzee Aroni. Karibu kiti."

Basi nikavua miwani. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Unataka ile mashine ya kaka yangu?"

Akasema, "Ile mashine ni mbovu. Mtu anayetaka mashine angetafuta nzima."

"Na watoto? Wifi yangu hazai tena."

"Wa ndugu zangu wamejaa kwangu. Wanakula kuliko kwao."

"Watu watawacheka."

"Wameshaanza. Vijana hapa wananiita Mzee." Akawaonyesha, nao wakacheka kweli.

Nilikwenda nimejiandaa kumchukia, wifi, na nilitaka sababu moja tu ya kurudi nayo. Nikamuuliza, ukienda pale Ipogolo, chai unanywea wapi? Nilidhani atasema kwenye kile kigoda cha kaka, karibu na mlango, alipopenda kukaa akihesabu magari ya barabarani. Akasema huwa anakaa juu ya gunia. Nikamuuliza kwa nini, na kigoda kipo. Akasema, "Kile kina mwenyewe." Nikamuuliza nani alimwambia. Akasema hakuna.

Nilirudi dukani sikuuza chochote jioni hiyo.

Mimi sitakuja. Mguu umevimba, na hata usingevimba sijui kama ningeweza kukaa pale. Nguo naituma kwa kondakta. Ni ule mgolole mweusi wa mama, shuka letu la nyumbani, niliokufunika nao mwaka ule nilipokutoa kwa kaka, kwa kuwa hukuwa na shangazi. Utakumbuka mama aliukata pindo asubuhi ile kwa sababu ulikuwa unaburuza, akasema bi harusi asijikwae mbele ya watu.

Joyness amerefuka kama baba yake. Mgolole huu utamwacha miguu nje mpaka magotini. Hautamfaa. Unamtosha mtu mfupi.

Fanyeni mnavyoona.

Wifi yako,
Faustina

*

Ipogolo
16 Aprili 2024

Kwako wifi yangu Faustina,

Mguu umepungua? Uuloweke katika maji ya chumvi, usiseme utafanya kesho. Sisi tu wazima, tumechoka kidogo kwa kuosha sufuria.

Barua yako niliisoma mara moja tu, nikaikunja. Mgolole niliutoa kwenye mfuko. Una harufu ya sanduku la mama.

Sikumwambia mtu ila Joyness. Nakueleza ilivyokuwa, kwa kuwa ulikuwa na haki ya kuwepo.

Walikuja saa nne, Gwakisa, Mzee Filemoni na wengine kutoka Mbeya, pamoja na mikungu ya ndizi ya kulisha kata nzima. Shemeji Sedekia alivaa suti yake ya kijivu. Tadeo alitoka Makambako na mkewe. Akamsogelea Gwakisa akamwambia, "Mdogo wangu, ukimtesa Joyness utaniona." Gwakisa akamwambia, "Sitamtesa kabisa."

Mama Yudith akaanza kuwatoa waliofunikwa mmoja mmoja, wageni wamtambue wao. Wa kwanza alikuwa Goodness wa jirani. Mzee Filemoni akasema siye, watu wakapiga vigelegele kama kawaida. Wa pili Joyness, amefunikwa kitenge. Shemeji akaona ile miguu mirefu, akakaa vizuri kwenye kiti, akasema, "Haya, mwenyewe huyo."

Mzee Filemoni akasema, "Tunashukuru sana. Siye."

"Siye vipi? Ndani amebaki mama yake tu."

"Basi tunamwomba huyo aliyebaki."

Walicheka sana. Unajua mahali pengi hutolewa bibi mmoja mzee kwa ajili ya kuchekesha, basi wakadhani ndiyo hivyo. Joyness alirudi ndani mbio, akanifunika yeye mwenyewe. Mgolole ulifika kwenye vifundo vya miguu palepale ulipofika zamani. Aliniambia, "Mama, usijikwae."

Chini ya nguo ile huoni kitu ila viatu. Nilipita viatu vya shemeji, vya Tadeo, nikafika kwenye viatu vilivyopakwa rangi vizuri, na kisigino kimoja kina grisi. Nikasimama. Watu bado walikuwa wanacheka.

Gwakisa akasema, "Shikamoo."

Najua aliyefunikwa hasemi. Wewe mwenyewe ulinionya mwaka ule, ukanifinya. Lakini mdomo una mazoea yake. Nikasema, "Marahaba."

Kicheko kiliisha kama mtu amezima mashine. Shemeji akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji?" Mzee Filemoni akasema, "Ndiye. Ndiye tuliyemfuata tangu mwanzo, mzee wangu, ila ulikuwa umefurahi mno." Kisha nikamsikia Joyness nyuma yangu anacheka kama nilivyokuwa nacheka mimi.

Walinifunua. Shemeji alikuwa ameutazama ule mgolole kwa muda. Alimfahamu mwenye nguo. Akauliza, "Hii imetoka kwa dada Faustina?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Ameituma akijua?" Nikasema ndiyo. Akafikicha macho, akajiweka sawa, akaniuliza kama inavyoulizwa, "Unawajua wageni hawa?"

Nikasema nawajua.

"Tuwakaribishe?"

"Muwakaribishe."

Akabaki Tadeo. Nilimwogopa yeye kuliko wote. Akasema, "Sasa mimi huyu nitamwitaje?" Gwakisa akasimama mbele yake, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, kaka Tadeo." Tadeo akamtazama, akanitazama mimi. Akasema, "Marahaba, baba." Mkewe alicheka mpaka akatoka nje. Tadeo mwenyewe hakucheka, lakini walipoondoka alibeba mkungu mmoja akaupakia kwenye gari lake, hivyo nadhani tutafika.

Wanasema ndoa iwe mwezi wa saba. Padri anataka kuzungumza na sisi kwanza. Gwakisa atahamia huku, mashine za Ipogolo ni mbovu kuliko za Mbeya. Jumapili alikuja kunywa chai. Alikaa kwenye gunia. Kigoda kipo karibu na mlango, nimekipangusa.

Mgolole nimeufua, nimeuanika kivulini. Nitaurudisha kwa basi, au uje uuchukue mwenyewe, ukipenda.

Habari ya Igowole shemeji hakuitaja, nami sikuuliza mbele ya watu. Kabla sijamjibu Gwakisa chochote kuhusu tarehe nilimwambia hilo, kwamba mwezi wa tisa nina mahali pa kwenda kama nitaitwa. Akasema atalinoa jembe, ila yeye atabaki barabarani mpaka aambiwe aje.

Basi, wifi, mvua zikikaribia na mkianza kupanga safari ya kwenda kwa Aroni, mnikumbuke.

Wifi yako,
Rozalia