Mama, siku ile kanisani Pavia

Mpendwa Mama,

Tumekuzika kule Nyakiriba, kwenye shamba la babu. Nyumba hapa Gisenyi bado ina harufu ya sambaza wako, wale dagaa wa ziwani, na mimi siwezi kuingia chumbani kwako. Ninachokumbuka zaidi ni safari yako ya Italia, uliponitembelea nikisoma Pavia.

Jua lilikuwa kali, ukataka kivuli. Nikakupeleka kwenye kanisa la kale, lililojengwa karne nyingi kabla ya babu wa babu zetu. Nilishangaa ulipokubali. Tangu nipate akili sikuwahi kukuona ndani ya kanisa. Jumapili ulinifikisha uani, ukageuka kwenda kuuza samaki.

Ndani kulikuwa na ubaridi. Watalii walipiga picha nguzo za mawe na watakatifu waliochorwa ukutani, nyuso zao zimefifia. Wewe hukutazama juu hata kidogo. Ulinishika mkono kwa nguvu, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Mulango ingine iko wapi?"

"Mlango mwingine wa nini, Mama?"

"Kwetu haikukuwa ingine. Ilikuwa moja tu, na wauaji walisimama pale."

Ndipo, kwenye lile benchi, ukanieleza. Mwaka ule wa mauaji ya kimbari mlikimbilia kanisani mkidhani hakuna atakayethubutu kuwagusa humo. Mimi nilikuwa mgongoni mwako. Kaka yangu Claude, ninayemjua kwa picha tu, ulikuwa umemshika mkono. Walipovamia, watu wakasukumana kuelekea mlangoni, na wachache wakapenya, nasi tukiwemo.

"Mukono yake ilitoka mu yangu," ulisema. "Nilimusikia ananiita. Sikurudi."

Hukulia. Nililia mimi, mpaka watu wakageuka. Tulipotoka ukasema, "Nikikufa, usiniingize mu kanisa. Umenisikia?" Nikakuahidi.

Ahadi hiyo, Mama, imenigombanisha na ukoo mzima. Mdogo wako Consolata alisimama mbele ya jeneza akapaza sauti, "We unataka dada yangu azikwe kama mutu hana Mungu?" Nikausema ukweli wote, mbele ya waombolezaji. Kumbe yeye ulimwambia Claude alifia njiani, kwa homa. Consolata akakaa chini udongoni na kitenge chake kipya. Padre aliyekuja kukuzika akasema, "Bon. Tutasali hapa inje." Mvua ilitunyeshea misa nzima.

Nina hasira, Mama. Hasira na waliofanya vile, na hasira na ile miaka uliyoubeba mzigo huo peke yako huku ukiniuliza kama nimeshiba. Sijui niipeleke wapi.

Jana Consolata alinipigia simu akiwa kwa fundi wa misalaba. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Jina ya Claude tuiandike chini ya ya mama yake, ama pembeni?"

Hatukuwahi kupata hata mfupa wake wa kuzika.

"Pembeni," nikamwambia.

Pumzikeni huko, nyote wawili.

Ni mimi,
binti yako aliyebaki