Dawa ya Magoti Kutoka Malta

Jumapili, 2 Novemba
Kazini, dukani, nyumbani, jikoni. Nguo bado zi kambani. Mama yuko Malta kwa mdogo wangu Seif, na leo kanipelekea ujumbe wa sauti mrefu kama khutba. Magoti hayamuumi tena! Seif kampa dawa ya majani, anaichemsha kwenye chai ya maziwa, analala fofofo. Anacheka ovyo humo kwenye sauti. Huku Maskati tumezunguka hospitali zote asipate nafuu. Nimefurahi. Na wivu kidogo pia, niseme kweli. Sasa Seif ndiye mtoto mwema.

Jumanne, 4 Novemba
Sauti nyingine. Eti dawa yenyewe Seif kaiotesha mwenyewe, miche minne, chumba cha nyuma, na taa maalumu. Mapazia hayafunguliwi. Mama ndiye anayeimwagilia maji kila asubuhi, na sura ya Yasin anaisomea. Kwa nini mapazia hayafunguliwi? Nimemwandikia Seif kumuuliza. Kasoma. Hajajibu.

Jumatano, 5 Novemba
Mama kapeleka picha. Kasimama katikati ya miche, mtandio kichwani, meno yote nje. Nikaikuza picha nitazame majani. Lahaula! Bangi. Mama yangu, hajja, kasimama ndani ya bangi anaitabasamia.

Nimempigia Seif mpaka kapokea. Nimemtukana matusi ambayo sikujua kama nnayo. Ananijibu taratibu kama wakili. Kule sheria inaruhusu, miaka sasa. Miche minne kila nyumba, isionekane na watu wa nje, usivute barabarani, usiuze. Yeye hajavunja hata kifungu kimoja. Haya, hongera. Na kumdanganya mama, kifungu gani hicho?

Hapo kasema mama alifungua chumba ghafla, yeye akaona haya, na neno la kwanza lililomjia mdomoni likawa dawa. Kesho yake kamkuta keshajichemshia. Akashindwa kumkataza. Kashindwa! Mwanamme mzima, ndevu mpaka kifuani, anashindwa kumwambia mama yake usinywe hiyo!

Kaapa atamwambia kabla mama hajapanda ndege ya kurudi kesho. Picha nimeifuta. Moto haujanitoka kifuani.

Alkhamisi, 6 Novemba
Sijui nianzie wapi. Mama alikuwa Istanbul, anasubiri ndege ya Maskati, ndipo ikaniingia sauti yake. Ana zawadi ya Bi Zuena, jirani yetu. Bi Zuena alimpa bati la halwa ampelekee Seif, na kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Basi mama kalijaza dawa. Bi Zuena naye magoti yanamsumbua, masikini. Bati limo kwenye mkoba wake wa mkononi.

Seif hajamwambia kitu. Mwoga. Mwoga. Mwoga mkubwa.

Huku watu wanafungwa kwa kitu hicho, na hakuna atakayemuuliza mama sheria ya Malta inasemaje. Nikamwona akilini bibi kizee wa watu anatolewa kwenye foleni, anawaeleza maaskari kwamba hii dawa, kanipa mwanangu. Na angewaeleza kwa fahari! Nimepiga simu, haipokelewi. Nimepiga tena. Nimejifungia chooni kazini nikalia kwa hasira. Mwisho kapokea, sauti yake ya furaha. Sikuwa na muda wa kuzunguka.

"Mama, ile si dawa. Bangi ile. Nenda chooni ukaimwage sasa hivi, na bati usije nalo."

Kaniuliza moja tu.

"Seif anajua?"

Nikamwambia anajua. Akakata.

Ijumaa, 7 Novemba
Kafika. Nilisimama pale uwanjani mpaka nilipomwona anatoka. Mkoba maaskari waliufungua, wakaupekua, bati hawakulikuta, wakamrudishia na salamu. Njia nzima mpaka nyumbani Mabela katazama nje tu.

Nikampigia Seif kumwambia mama kafika salama. Kanijibu, "Si unaona? Hakuna lililotokea." Wallahi angekuwa karibu ningemzaba kofi. Hakuna lililotokea! Nimemkatia simu, na hasira nimezimalizia kwenye masufuria.

Jumapili, 9 Novemba
Nyumba imetulia. Seif kapiga asubuhi. Mama kaitazama simu inalia mpaka ikanyamaza, kisha kaigeuza kifudifudi.

Baada ya Adhuhuri hakuondoka kwenye msala wake wa kusalia. Anatoa salamu, anainuka, anaanza tena. Nikadhani sunna. Nikapika, nikapakua, bado yuko pale pale. Magoti yanamuuma upya, nasikia anavyoguna akienda sijida. Nikamwambia apumzike, chakula kinapoa.

"Nalipa sala za kule," kasema. "Zote nilisali nimelewa, mwanangu. Sikujua."

Kajaribu kuinuka, kashindwa. Nikampa mkono, akanyanyuka, akatia nia ya Alfajiri nyingine.