Kazi ya Kukaa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, zenye heshima zote na usumbufu wote unaoujua. Hujambo? Wifi hajambo? Na wale watoto wangu, waambie shangazi yao anauliza nani ameng'oka meno ya mbele na nani bado anakojoa kitandani. Sisi huku tu wazima, kwa maana kwamba tunapumua. Magoti ya Mama ni yaleyale, mgongo wangu na cherehani ni ugomvi uleule. Kwa Baba nitafika, ila nakuomba usirukie mwisho kama ulivyozoea. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilijaribu. Niliishika nikaona ningelia tu mpaka salio liishe, na wewe ungebaki unaita haloo, haloo.

Karakana yetu bado iko nyuma ya zahanati. Jumamosi kwa Jumamosi tunakusanyika kutengeneza viti vya magurudumu vya watu wasioweza kununua vipya, na bado hakuna anayelipwa hata shukrani ya maana. Mchomeleaji yupo na miwani yake nyeusi na kikohozi chake. Mimi niko dirishani nashona turubai za kukalia. Baba, kama ulivyomwacha, alishika meza ya katikati, na siku hizi wote wanamwita Mzee Kaza, kwa sababu ndilo neno lake: kaza, kaza tena, halafu kaza kwa ajili ya atakayekaa.

Utaratibu wa nyuzi nao haujafa. Kila fundi ana rangi yake, na kiti kikikamilika mimi nashona uzi wa rangi hiyo kwenye kona ya mgongo wa kiti, ili mambo yakienda mrama ijulikane nani wa kuulizwa. Wa mchomeleaji ni wa kijani. Wa Baba ni mwekundu. Tangu nianze kushona pale sijawahi kuona uzi mwekundu ukirudi kwa ubovu, na Baba alilijua hilo vizuri mno, unamfahamu.

Sasa kuna mtu ulikuwa humjui, alikuja baada yako. Tunamwita Bwana Starehe. Ni mtu mnene, mlinzi wa zamani aliyestaafu, mwavuli wake hauachi hata jua likiwaka. Alikuwa akiingia, anauliza kiti gani kimekamilika, anakaa ndani yake, anajitikisa huku na huku kama mtu anayetafuta usingizi, kisha anaanza hadithi. Hadithi mpaka tunafunga. Spana hajawahi kuomba, nyundo hajawahi kugusa, lakini birika la chai alilijua kuliko mwenye nalo. Na mahali pake palikuwa palepale, ubavuni mwa Baba, kwenye viti vyenye uzi mwekundu.

Baba hakumpenda. Kusema kweli, Baba hakumpenda yeyote asiyeloa jasho. Muuguzi mstaafu, yule aliyekuwa akija akijisikia, anafuta vumbi kidogo na kutupa habari za mtaa, naye alimkera. Wewe mwenyewe hujasahau alivyokuita mgeni wa karamu ulipokuja likizo ukakaa mlangoni kuangalia tu. Sisemi hili kukutonesha, nalisema kwa sababu utalihitaji mbele.

Basi Jumamosi moja kazi ilizorota, na Baba akasimama. Alisema karakana si kijiwe, na kuanzia siku ile asiyeshika chombo asivuke mlango. Anayekuja aje kila Jumamosi, afanye kazi kama wenzake, au akae kwake. Muuguzi alijitetea kwamba magoti hayamruhusu kuja kila mara, ila akija moyo wake unatulia na vumbi linapungua. Baba alimjibu kwamba kazi ya kujisikia si kazi. Mama wa watu alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Bwana Starehe yeye aliomba jambo moja tu, aachwe akae hata kwenye vile vilivyokwisha. Baba akamwambia kama anatafuta kiti akanunue sofa. Watu tulicheka, naye alicheka kidogo, akafungua mwavuli wake mle mle ndani, akatoka.

Kweli kazi iliongezeka. Kelele ziliisha, viti vikawa vinatoka upesi, na Baba akawa anatembea kifua mbele. Mimi niliona karakana imekuwa baridi kama chumba cha mitihani, lakini nani angemwambia.

Kaka, sasa kaa chini. Kuna Mwalimu mmoja wa shule ya pale juu, anayetumia kiti chetu tangu cha kwanza. Tulimpa kipya. Alikuwa akishuka ule mteremko wa geti la shule, watoto wakimfuata na madaftari yake, gurudumu la kulia likachomoka lote. Likatangulia peke yake barabarani, yeye akaangukia upande. Amevunjika mkono. Kwako na kwangu mkono ni mkono. Kwa Mwalimu mkono ndio mguu, ndio mlango, ndio kitanda. Nilipoambiwa nilikuwa nimeshika mkasi, na sijui niliuweka wapi mpaka leo.

Kiti kililetwa karakana. Mchomeleaji alikipindua juu ya meza, sote tumekizunguka, na Baba mbele kabisa, amekunja uso, anauliza ni mzembe gani amefanya hivi. Mimi nilikuwa upande wa mgongo wa kiti, kwa hiyo niliona kabla yao. Uzi ulikuwa mwekundu. Niliushona mwenyewe. Nilitaka kuufunika kwa kiganja, na pengine ningeufunika, ila mchomeleaji alikuwa ameshauona, na alikuwa akinitazama mimi, si Baba.

Nati ya upande wa kulia haikuwepo, na ile ya kushoto mchomeleaji aliizungusha kwa kidole. Alikwenda kwenye viti vingine vyenye uzi mwekundu vilivyokuwa vinangoja wenyewe ukutani. Alivijaribu kimoja baada ya kingine, na vyote nati zilizunguka kwa kidole. Baba alisema kuna mtu anavilegeza kwa makusudi. Akachukua spana, akainama, akakaza nati mbele yetu sote, mshipa wa shingo ukimsimama, akainuka na kusema hiyo sasa haitoki. Mchomeleaji aliigusa, ikazunguka. Baba aliinama tena. Safari hii spana ilianguka chini, naye aliendelea kuzungusha mkono mtupu hewani, hajui kwamba hauna kitu ndani.

Kaka, hapo ndipo tulipoelewa. Mkono wa kulia wa Baba umekufa ganzi. Hausikii. Alikuwa akikaza kwa kumbukumbu tu, na kumbukumbu ikimwambia imekaza. Aliutazama ule mkono kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake, akavua aproni kwa mkono wa kushoto na kwenda nyumbani.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Wakati tumeduwaa bado, nilimwona Bwana Starehe nje, amesimama hatua moja kabla ya kizingiti, kwa kuwa sheria haikumruhusu kuvuka. Alikuwa amesikia habari za Mwalimu na macho yalikuwa yamemvimba. Nilimfuata. Hakunisalimu. Aliingiza mkono mfukoni akatoa spana ndogo, iliyochakaa mpaka imeng'aa, akaniwekea kiganjani.

Aliniambia kwamba zamani kidogo alikaa kwenye kiti cha Baba, kikamlalia upande. Alidhani ni uzito wake. Alikaa kwenye cha pili, kikafanya vilevile. Akamtazama Mzee, akaona jinsi anavyoshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akaelewa. Tangu hapo akawa anakuja na spana yake. Anakaa, anajitikisa kujua wapi panacheza, anaanza hadithi, na sisi tukicheka yeye mkono wake uko chini ya kiti anakaza. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema yeye si fundi na hadanganyi mtu, anajua kukaza tu, na hilo alilijua kwa kukaa pale na kumwangalia Baba. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alisema angemwambia nini Mzee Kaza, kwamba hakazi? Na siku alipofukuzwa alidhani sisi wenye vyombo tunakagua. Hatukuwa tukikagua. Nani angekagua uzi mwekundu?

Nilirudi nyumbani kumweleza Mama, nikamkuta anamfungua Baba vifungo vya shati. Hapo nikajua kwamba Mama alijua. Alikuwa akimfunga vifungo kila asubuhi, akadhani kule karakana ana watu wa kumsaidia. Na kweli alikuwa naye mmoja, tukamcheka. Habari ya ile spana ndogo niliwasimulia wote, Baba na Mwalimu wakiwemo.

Baba hakurudi karakana. Tulimbembeleza, akasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma: asiyeshika chombo asivuke mlango. Alikaa kwenye kochi akiangalia ukuta, hali, na akila ni vijiko vya kuhesabu. Kaka, niliogopa. Unajua Baba bila ile karakana ni nani? Hata yeye hajui. Nilimwona anaisha mbele yangu, na aliyemfungia mlango ni yeye mwenyewe.

Aliyeufungua ni Mwalimu. Alikuja karakana mkono una plasta, anasukumwa na mwanafunzi wake, na sisi tukainamisha vichwa. Alisema amekasirika na ataendelea kukasirika mpaka plasta itoke, tusimharakishe. Ila alituuliza, humu ndani wote mna spana, nani kati yenu anakaa? Nani anajua kiti kinavyolia mtu akikilalia saa nzima? Alisema hatachukua kiti tena kwetu mpaka Bwana Starehe awe amekikalia, na kwamba yeye Mwalimu mwenyewe, akija, asipewe kazi yoyote, maana anakuja kutuangalia tu, na tutamvumilia. Muuguzi alirudi Jumamosi iliyofuata. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi, wala atakuja lini tena. Alifuta dirisha langu, akasema lilikuwa aibu.

Bwana Starehe ndiye aliyekwenda kumtoa Baba. Hakumpa pole. Alimwambia kwamba kazi ya kukaa ni ngumu kuliko anavyodhani, inahitaji subira na makalio imara, na yuko tayari kumfundisha kama ataacha kiburi. Nilidhani Baba atamrushia mto. Badala yake alimwomba Mama shati safi. Alivuka mlango wa karakana anaangalia chini. Tukampa kiti chenye uzi wa kijani, akakaa, mikono mapajani, na sote tukajifanya tuna shughuli. Baada ya muda alikohoa. Alisema kwa sauti yake ileile ya amri kwamba upande wa kushoto nyuma panacheza, na kama mkono umemfia, makalio hayajafa. Mchomeleaji alikaza. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, nikajichoma sindano.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niandike. Barua za Baba kwako zilikatika, na najua ulihesabu kwamba amekukatia kwa sababu ya maneno yale ya likizo. Mimi pia niliamini hivyo, na nilimlaumu kimoyomoyo. Jana alinifungulia sanduku lake. Kuna karatasi tele, zote zimeanza na jina lako, na zote zimeishia hapohapo kwenye mchirizi. Alikuwa anajaribu kila mwezi. Aliona haya kumwambia mtu amwandikie. Ameniambia nikuambie kwamba hakukasirika hata siku moja, kalamu ndiyo iliyokuwa ikimkatalia. Na anasema uje likizo, hata kwa siku moja, hata ukae tu mlangoni. Anasema ubavuni mwake kuna nafasi.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na Mama anasema ule vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Pilipili

Huo mstari uliopinda hapo chini, usidhani mtoto amechezea karatasi. Ni Baba, kwa mkono wa kushoto. Nilitaka kumshika mkono, akakataa.