Noah Yako Nimeishusha

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, ila kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, mkono umekataa kuandika.

Nianze na lile litakalokuudhi, maana ungelisikia kwa mtu mwingine ungeudhika zaidi. Noah yako nimeishusha. Ile uliyoinyanyua mwenyewe ili ipite tope la njia ya Haydom wakati wa masika, ukaiwekea spesa, vile vipande vya chuma vya kuinulia, juu ya shokapu na tairi kubwa, mpaka watoto wa Endasak wakaiita twiga. Katesh nzima wamenicheka. Wanasema huku kila mtu analeta gari linyanyuliwe, binti wa fundi anashusha, au anaenda kuozesha mtoto kwenye lami ya Dar es Salaam? Nimewaacha wacheke. Sina nguvu ya kueleza kila mtu.

Ni Mama, Baba. Baada ya kukuzika, watu walipokwisha kutawanyika na nyumba kubaki kimya, aliteleza kwenye matope ya zizi akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji hospitali ya Haydom, ukaenda vizuri. Lakini anatakiwa arudi kliniki na kwenye mazoezi, na daktari alinieleza mimi pembeni kwamba akiendelea kulala tu, mguu utakakamaa na hatatembea tena. Sasa kumpandisha kwenye hiyo twiga yako ndiyo ikawa kazi. Bura, fundi uliyemwachia gereji, anamshika kwapani, na mkweo Daudi, mume wangu, anamshika magotini. Mama, ambaye hata meza moja na Daudi hajawahi kukaa kula. Anabebwa na mkwe wake kama gunia la mahindi, majirani wanaangalia. Anajifunika kanga usoni na haifunui mpaka Haydom. Hata Daudi mwenyewe akimaliza kumbeba anaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Siku moja tuliporudi Mama akasema, "Mimi huko siendi tena." Nikajua ni aibu. Nilikuwa na uhakika kabisa ni aibu, na aibu hiyo dawa yake ni kushusha gari, aingie mwenyewe bila kuguswa na mwanaume.

Bura akasema hilo ni jambo dogo. Akachukua grainda akakata springi. Gari likashuka kweli, na kwa macho lilipendeza. Nikapakia mahindi nikaenda kulijaribu. Baba, kila kona tairi inasugua fenda, kila shimo chuma kinagonga chuma, na gari lote linadundadunda halitulii. Harufu ya mpira ulioungua ikanifikia kabla sijafika mbali. Nikawaza ile nyonga ya Mama ndani ya gari hilo, kutoka Katesh mpaka Haydom. Nikasimama kando ya barabara nikalia, nikapiga tairi teke, nikakutukana na wewe. Ndiyo, nilikutukana. Nilisema umeondoka na akili yote ya nyumba hii.

Bura nilimgombeza. Alikubali kosa, na kwa kweli anakukumbuka kama mimi.

Basi nikakaa nikajiuliza wewe ungefanyaje. Nikatoa spesa zako. Nikatafuta springi za urefu wake wa kiwandani, na shokapu zinazoendana nazo, maana ulikuwa unagombana na watu wanaofunga springi fupi kwenye shokapu ndefu. Tairi kubwa nimeziweka stoo, nimefunga nyembamba. Nikapandisha gurudumu moja juu ya jiwe ili ligandamizwe vizuri, nikakata usukani mpaka mwisho, nikapitisha vidole kati ya tairi na fenda. Vikapita. Nikarudia kila upande, kwa sababu nilikuwa siamini.

Zikabaki bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini. Hapo ndipo nilipokuona, Baba. Nilikukumbuka unavyokataa kukaza bushi gari likiwa juu ya jeki. Unalishusha chini lisimame kwa tairi zake, halafu unatuita. Mama mbele, sisi watoto nyuma, na sisi ndio tulikuwa mzigo. "Kaeni kama mnaenda kanisani, msichezecheze." Ulikuwa unasema bushi ikikazwa haijaubeba uzito, siku ikiubeba itajikunja na kuchanika, na gari halitatulia tena. Mama analalamika, "Gari gani hili, tunapanda haliendi?" Na wewe kutoka chini, sauti imejaa mavumbi, "Linaenda, tulieni."

Nimefanya hivyo hivyo. Daudi nyuma na watoto, Bura nyuma ya usukani, mimi chini na spana. Kwenye kiti cha Mama nikaweka gunia la maharage badala yake. Nikaliangalia nikaona limemzidi uzito. Nikalifungua nikapunguza, nikapunguza tena. Mama amekwisha, Baba. Hutamjua.

Nikaenda Babati wakanipangia tairi, usukani ukanyooka. Nikajaribu njia mpaka Basotu na kurudi. Kwenye mawe inabidi nitambae, tumbo la gari liko karibu na ardhi kuliko ulivyozoea, lakini halisugui, halidundi. Ungelala chini yake ungetafuta kosa na ungekosa. Nilirudi nyumbani naimba.

Jana nikalisogeza mpaka mlangoni. Nikamfukuza Daudi aende shambani ili asionekane kabisa. Mama akatoka na magongo yake. Kiti kiko usawa wake sasa, anakaa kwanza, halafu anaingiza miguu. Akakaa. Hakuna aliyemshika. Akapitisha kiganja juu ya dashibodi kama anayefuta vumbi, akasema, "Umelitengeneza kama baba yako."

Halafu akashuka. Akarudi ndani akalala, akageukia ukutani.

Nilimfuata nikapiga kelele. Mimi, nikimpigia Mama kelele. Nikamuuliza sasa shida ni nini, gari limeshuka, Daudi hayupo, nani anakuona? Akaniacha nimalize. Akasema taratibu, "Nikipona, natembea kwenda kwa nani?"

Akaniambia unakuja. Alfajiri anasikia kikohozi chako uani, unafungua bomba unanawa mikono, halafu unamwita kwa jina lake la usichana, lile ambalo hapa nyumbani ulikuwa unaliita wewe peke yako. Alisema amechoka kukuitikia kutoka kitandani. Wala hakulia alipokuwa anasema. Alikuwa anatabasamu, na ndicho kilichonitisha.

Kwa hiyo si aibu, si Daudi, si urefu wa gari. Nimehangaika na springi na tairi muda wote huu, na kumbe ninashindana na wewe. Sijui nifunge nini, nikaze nini. Wewe hukunifundisha hili, na sina wa kumuuliza.

Jumatatu ni kliniki. Nakuahidi nitalileta gari mlangoni, nitafungua mlango wa upande wake na kusubiri. Akikataa, nitalileta tena siku ya kliniki inayofuata, na inayofuata tena, mpaka anichoke apande kwa hasira. Miguu yake nitainyoosha mimi mwenyewe kila asubuhi, hata akinilaani.

Lakini na wewe nisaidie. Siku zote ulikuwa ukitaka kitu unakitaka sasa hivi. Huko uliko hakuna anayekuharakisha. Alfajiri ukija, kama kweli unakuja, nawa mikono yako uondoke kimya. Wewe ulikuwa naye miaka yote kabla hata sijazaliwa. Niachie mimi kidogo kilichobaki.

Lala salama, Baba. Usimwite.

Mwanao,
Paulina