Nilibonyeza "Futa" Nikidhani ni Vumbi

Mshauri mpendwa, nina miaka sabini na sita, nimewazika wanyapara wanne walioniambia sitafika mbali, kiwanda cha matofali kilichonifukuza kazi nimekiona kikigeuka kichaka, na daktari aliyenipa miaka miwili ya kuishi ametangulia yeye, mimi bado napanda ngazi, kwa hiyo usinisome kama mzee wa kuhurumiwa, naomba msaada kwa sababu kuna jambo limenishinda kulitamka na nimechoka kulibeba.

Mimi ni mwashi, wananiita Timazi kwa sababu ukuta wangu hauna haja ya kupimwa, nimegawa vyumba vya shule na vya hospitali, na kusoma nilijifunza ukubwani kwenye kisomo, miezi mitano tu, wenzangu walichukua miaka miwili. Mke wangu ni fundi cherehani, ana kompyuta yake, humo aliweka vipimo vya wateja na michoro ya nguo ya miaka kumi na moja. Sasa mjukuu wetu, mtoto wa binti yangu mkubwa, yeye na wenzake wanatengeneza programu ya kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta, kwa Kiswahili, wanaitoa bure, na kazi yake yeye ni ile hatua ya kugawa diski, yaani pale ndani kompyuta inapotunza kila kitu, unapagawanya kama nyumba, huku mfumo ukae, huku mafaili yako. Watu walilalamika hatua hiyo inawachanganya, akaichora upya, akaniita niijaribu kwenye kompyuta yao ya majaribio isiyo na kitu ndani, akakaa pembeni na daftari.

"Babu, hapa umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na haya maandishi madogo ya chini?"

"Mjukuu wangu, mimi nimegawa nyumba za watu kabla mama yako hajaota meno. Andika nimeelewa."

Akaandika, wenzake wakanipigia makofi, wakasema kama mzee huyu ameweza, kila mtu ataweza. Ukweli ni kwamba yale madogo sikuyasoma, mimi nikisoma natembeza kidole na midomo inacheza, nikaona haya mbele ya wale vijana, nikasoma yenye herufi kubwa, mengine nikajijazia.

Wiki iliyofuata mke wangu akalalamika kompyuta yake imekuwa nzito, alipokwenda kununua vitambaa nikachomeka flashi yenye ile programu, niliyomwomba mjukuu, fundi bomba rafiki yangu yupo hapo anakunywa chai. Kioo kikaleta mambo mawili, juu FUTA DISKI NA USAKINISHE, chini SAKINISHA KANDO YA MFUMO ULIOPO. Mshauri, mwashi gani anajenga juu ya vumbi? Kabla ya kuweka vigae unafuta sakafu, nikasema hii programu ina adabu, inataka ipanguse kwanza ndipo ianze kazi.

Fundi bomba akasema, "Timazi, si umngoje mjukuu wako?"

Nikamwambia, "Wewe kangoje mabomba yako yavuje."

Kompyuta nayo ikaniuliza, "Je, una uhakika?" Mimi! Nikabonyeza Ndiyo kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Mke wangu aliporudi akaiwasha, ikawaka haraka, safi, tupu. Akaniuliza, "Mzee, vipimo vyangu viko wapi?" Nikasema, "Ni flashi ya mjukuu wako, ina ugonjwa." Neno lilitoka lenyewe, nami nikaliacha liende.

Leo siku ya kumi na mbili. Mke wangu anawapima wateja upya, mwalimu mmoja mstaafu kakataa katakata, anasema vile vya zamani ndivyo vyake, hivi vya sasa ni vya mtu mwingine, kila mtu kacheka isipokuwa mke wangu. Mjukuu akipiga simu hapokei. Na yule mtoto anakagua kazi yake mstari kwa mstari, kosa halioni, amekonda, anasema Ijumaa kikao chao kikiruhusu programu itoke kwa watu wote yeye atajitoa, hastahili kuaminiwa. Wenzake wanasema labda ni flashi tu iliyoharibika, kile kioo hakina tatizo, kwani daftari linasema mzee ameelewa. Nikisema ukweli nitakuwa mzee asiyejua kusoma, na vilivyopotea vimeshapotea, sasa si bora ninyamaze tu? Kama unadhani natunga, muulize fundi bomba wa mtaa wa nyuma yangu, aliyaona yote, na tangu siku ile salamu yangu anaiitikia nusu.

Mzee Timazi

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Natanguliza heshima kwa sababu nakuja kukugombeza.

Kwa neno lenyewe, "Futa", sikulaumu. Tunafuta meza, tunafuta jasho, na tunafuta jina kwenye orodha. Mjukuu wako aliandika akiwaza hilo la mwisho, wewe ukasoma kama mtu wa sakafu. Hata mimi lingenipata. Lakini "ina ugonjwa" hukuisoma kwenye kioo chochote. Hiyo umeitunga, na mtoto wa watu anakonda kwa ajili yake.

Unasema vimeshapotea. Umejuaje? Zima kompyuta hiyo sasa hivi, na mkeo asiweke humo hata kipimo kimoja kipya, maana kila kipya kinakalia nafasi ya cha zamani. Ipelekeni kwa fundi anayerejesha mafaili. Huenda akapata kiasi, huenda asipate kitu, kwa hiyo usimwahidi mkeo lolote. Umeshamwambia ya kutosha.

Halafu fikiria programu hiyo ikitoka Ijumaa kama ilivyo. Kuna mtu ana alama za darasa zima, mwingine ana sauti ya mama yake aliyefariki. Watabonyeza Futa kwa moyo mweupe kama wewe. Mjukuu wako anatafuta kosa ndani ya programu, na kosa liko kichwani mwako, hawezi kuliona mpaka ufungue mdomo. Mwambie yale madogo hukuyasoma. Mwambie ulidhani ni kupangusa. Mwambie uliulizwa kama una uhakika, lakini kwa zile herufi kubwa ulizozisoma hukuambiwa uhakika wa nini. Yeye atajua aandike nini, na kwa ukubwa gani.

Na hiyo haya ya kidole, mzee wangu, iache. Walikuwa na vijana chungu nzima wa kusoma haraka. Walikuita wewe kwa sababu unasoma polepole, nawe ukawanyima kitu pekee walichokufuatia.

Basi fanya hivi. Leo, kabla ya chakula, mwambie mkeo, na habari za vigae usizianze mpaka akuulize. Akikasirika, nyamaza, ana haki. Mwombe ampigie mjukuu yeye mwenyewe. Kesho nenda kwa mjukuu wako kwa miguu yako, usitume simu, umwambie mbele ya wale wale waliokupigia makofi, alifute lile neno "ameelewa" kwenye daftari, kisha mkae mwanzo hadi mwisho, kidole kikitembea.

Kikao ni Ijumaa, na gazeti hili linatoka Jumatano. Vaa viatu.