Nilikuambia Dawa Hutoka Kwenye Miti

Mama yangu,

Juzi nilichemsha maganda ya mti kazini, ukaingia. Sijui niseme vipi tena. Mvuke ulipanda, ile harufu chungu ikajaa maabara, nawe ukawa umesimama dirishani na leso yako ya kijani, unangoja sufuria itulie kama ulivyongoja ulipokuwa hai, jikoni kwetu Burumba. Sikushtuka. Nilikuacha hapo, nikaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ungeicheka. Tunatafuta dawa ya saratani ya matiti ndani ya mimea. Tunatoa kiini kimoja kwenye ganda, halafu tunakibadilisha, tunapunguza hapa, tunaongeza kipande pale, kwa sababu kikiachwa kilivyo ini hukiharibu kabla hakijafika kwenye uvimbe. Ni kama ulivyonunua gauni la mtumba sokoni Matayos ukalipunguza mabega ili limkae mdogo wangu Ajiambo. Gauni ni lilelile, ila sasa limemkubali. Kwenye visahani vyetu vya kioo seli za ugonjwa zinakufa. Kwenye visahani tu, Mama. Hakuna mtu aliyekinywa bado.

Nakumbuka ule mchana uliponiita jikoni. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea kemia, kichwa kimejaa sifa. Hospitali ilikuwa imekupa siku ya upasuaji, na mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka alikuwa amekuuzia kifurushi cha maganda, nawe ukataka kujua nasemaje. Kwetu mtoto wa kiume hamuulizi mamake habari za titi lake. Nilipaswa kuuliza uvimbe wako una ukubwa gani, nilipaswa kuuliza siku yenyewe ni lini. Niliona haya, nikakodolea macho sufuria, nikatafuta neno la msomi.

"Hata dawa nyingi za hospitali zinatoka kwa miti, Mama," nikasema.

Ulifurahi jamani. Ukawaambia majirani, ukawaambia akina mama wa kanisa kwamba Wandera amesoma na amesema miti ni dawa. Siku ya upasuaji ulikuwa Malaba unauza nguo, na chupa ya maganda ubavuni. Nilikuwa nimesema kweli, lakini nusu. Sikukuambia kwamba kati ya mti na dawa kuna miaka ya kupima na kubadilisha na kukosea. Nusu hiyo bado inaniuma.

Sasa ndiyo nakufikishia habari. Ajiambo aliona uvimbe. Alinipigia simu Jumapili moja baada ya ibada, na kwa ile sauti yake ya kubembeleza akaomba nimletee kidogo tu ya dawa yetu ya maabara, kwa kuwa wewe ulikunywa maganda yakiwa mabichi na mimi nimeyatengeneza. Unamjua, akishika jambo haachi. Kesho yake nilikuwa nyumbani. Nikamuuliza yote ambayo sikukuuliza wewe: titi lipi, tangu lini, linauma? Tuliona haya sote, tukacheka, tukaendelea. Nikamwambia nilicho nacho si dawa, huenda kisiwe dawa kamwe, na kwamba daktari akisema akatwe, akatwe mapema.

Aliendelea kuchambua kunde. Kisha akauliza, "Na Mama, kama angeenda hiyo siku, si angepona?"

Nilitamani kujibu kisomi.

"Sijui," nikamwambia. "Ninachojua ni kwamba mimi ndiye nilifanya asiende."

Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Nikajua nimempoteza na yeye. Nilikaa pale natazama kunde. Alipotoka alikuwa amevaa viatu na ameshika kadi ya kliniki.

"Twende basi," akasema.

Vipimo vilichukua majuma kadhaa, na majibu hayakuwa mazuri. Leo ndiyo siku ya upasuaji. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, karatasi juu ya goti. Nje kunanyesha kidogo, ile mvua nyembamba uliyoipenda, na watu wanapita polepole kama wako ndani ya maji. Wamemwingiza tangu saa tatu. Naogopa, Mama, na kukuambia wewe kunanipunguzia.

Mlango umefunguka. Nesi anauliza ni nani ndugu wa Ajiambo.

Naenda kumjibu. Pumzika, Mama.

Mwanao wa kwanza