Mistari Minne Chini ya Mzani

Fundi wangu,

Jana mchana ile mashine ya mzani pale Isansa ilisema mpaka mwisho. Leo nimeshinda nikitafuta mtu wa kumweleza, na kila ninayemfikiria ni wewe. Kwa hiyo nakuandikia, na kama unaona ni upuuzi kumwandikia mtu tuliyemzika wiki ya saba sasa, nicheke tu huko uliko. Ulikuwa hodari wa kunicheka.

Karakana yetu hapa Vwawa bado ipo. Kiti chako sijakisogeza. Mteja akitaka kukikalia namwambia mguu mmoja umelegea, na si kweli. Asubuhi ukungu ukiingia mlangoni nasikia kile kikohozi chako, kile cha kusafisha koo kabla ya kuniambia nimekosea, na nageuka. Kila siku nageuka. Juzi namba yako ilionekana iko hewani, nikaangusha bisibisi, hadi mkeo aliponieleza kwamba mwanenu Tumaini ndiye anayeitumia simu sasa.

Niseme lile linalonikaba. Unakumbuka mwanzo wa msimu, kompyuta ndogo ya chama cha ushirika, iliyounganishwa na mzani, ikaanza kuganda katikati ya kupima kahawa. Wakulima wamepanga foleni na magunia tangu alfajiri, wengine wametoka Hasamba, na mashine imekufa ganzi, hata ubonyeze nini. Programu ya kusoma mzani uliiandika wewe, miaka mitatu ukiinyoosha. Ya printa ya risiti niliiweka mimi, ile printa niliyoinunua Nakonde nikarudi nayo naringa mpaka wenzangu mpakani wakanitania.

Kila ilipoganda, mstari wa mwisho kwenye kioo ulikuwa wa kwako: "Mzani tayari." Mara tatu, mara nne, wako tu. Nikamwita Mwenyekiti nikamwonyesha kwa kidole, tena sikupunguza sauti. "Mwenyekiti, ona mwenyewe, inafia kwenye programu ya Fundi." Naye akawageukia wakulima: "Jamani, mzee wetu kachoka, tumpumzishe." Wewe ulikuwa umesimama karibu na magunia, kofia mkononi. Tulipokuwa tunatoka ndipo ukaniambia, "Sekela, mstari wa mwisho ulioonekana siyo wa mwisho uliosemwa. Ipunguze kasi, uisikilize."

Nilikuelewa, Fundi. Hilo ndilo linaloniumiza. Mwaka wangu wa kwanza kwako ulinifundisha kwamba keneli, yaani ule moyo wa mfumo, haipeleki kila ujumbe wake kwenye kioo papo hapo. Inauweka kwanza kwenye kumbukumbu, inaendelea na kazi zake, na ujumbe unatolewa baadaye nafasi ikipatikana. Mashine ikifa ghafla, ujumbe uliokuwa unasubiri zamu unakufa nayo. Ukaweka nusu sekunde kati ya mstari na mstari, ukanisimamisha niusome kila mmoja kwa sauti kama mtoto wa shule ya Jumapili. Nikiruka neno, unaizima mashine tunaanza upya. Siku ile nilikuchukia, na jioni ukanipa kipande cha muhogo kikubwa kuliko chako.

Nilijua yote hayo nikapuuza. Mstari ule ulinifaa mimi.

Wiki tatu baadaye presha ikakuchukua. Msibani waliuliza nani ana mwandiko mzuri wa kuandika wasifu wa marehemu, na watu wote wakanitazama. Nikaandika kuzaliwa kwako Ileje, ndoa yako, watoto, kwaya, redio zote ulizozifufua wenyewe wakiwa wameshazikatia tamaa. Mzani wa Isansa sikuutaja. Nilijiambia nakufichia aibu. Wasifu ukasomwa mbele ya jeneza, kazi uliyoipenda kuliko zote haimo, na watu wakaitikia Amina. Na mimi niliitikia.

Baada ya mazishi tukaitoa programu yako, tukaweka nyingine. Mashine ikaendelea kuganda vilevile. Mwenyekiti akatania kwamba labda mzee bado yumo humo ndani, amegoma kutoka. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshaanza kuogopa kubaki peke yangu na ile mashine. Feni yake ikipunguza mzunguko nilikuwa naona kama mtu anavuta pumzi ili aseme jambo.

Ndipo wiki hii nikairudisha programu yako na kufanya ulichoniambia. Nikaweka ucheleweshaji, nusu sekunde kila mstari. Siku nzima haikuganda hata mara moja! Nilitaka kulia. Kisha nikakumbuka ulivyonionya kwamba hitilafu nyingine hutokea pale tu mambo yanapokimbizana, na ukiyapunguzia kasi zinajificha. Jana nikaondoa ucheleweshaji, nikabakiza kitu kimoja tu: keneli isiende hatua inayofuata mpaka ujumbe wake uwe umeshafika kwenye kioo. Simu nikaisimamisha juu ya kopo la rangi irekodi video.

Gunia la tisa lilipopandishwa, ikaganda. Kwenye kioo, "Mzani tayari." Lakini safari hii chini yake kulikuwa na mistari minne ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Printa inaanza. Printa imeshika kufuli. Printa inaomba kufuli. Printa inasubiri. Basi, kimya. Kufuli iliyokuwa inaisubiri ilikuwa imeishika yenyewe, Fundi. Mimi ndiye niliyeipanga hivyo, ijifungie ndani kisha ikae inangoja kufunguliwa, na mashine nzima ingoje nayo. Programu yako ilikuwa imeshamaliza kazi yake salama, ikaaga.

Nilikaa chini pale pale kwenye magunia. Mama mmoja kwenye foleni akaniuliza, "Vipi mwanangu, unaumwa?" Nikamwambia ndiyo.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwako. Mama Tumaini alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza akasema, "Alijua, mwanangu. Aliijaribu hapa hapa kwenye kompyuta yake ya zamani, akaiona hiyo printa yako. Nikamwambia, baba, si uende ukamwambie Mwenyekiti? Akasema hapana, huyu ndiyo kwanza anaanza, nikimsema mbele za watu nani atampa kazi? Atakuja mwenyewe."

Nimekukasirikia. Nasema wazi, nimekukasirikia sana. Ungenifokea. Ungenipigia simu ukanitukana, ningelia siku mbili yakaisha. Wiki tatu nzima, ulipokuwa huji tena karakana, nilikuwa napita mbele ya nyumba yako kwenda kazini, wewe uko barazani na redio yako, nakupungia mkono kwa mbali, "Shikamoo Fundi!" na miguu haisimami. Nilidhani unanitazama kwa hasira. Kumbe ulikuwa unaangalia kama leo nitaingia. Sasa nikipita pale baraza ni tupu, na bado najihisi natazamwa, na sijui nitembee vipi.

Printa nimeshairekebisha. Programu yako inafanya kazi, sikuibadilisha hata nukta. Jina lako nimeliacha juu pale ulipoliandika.

Alhamisi wanachama wanakutana. Nimemwomba Mwenyekiti dakika chache, hajui za nini. Nitawaonyesha video, nitausoma kila mstari kwa sauti, na nikifika kwenye ile minne nitasema ni ya kwangu. Wakiamua kuninyang'anya kazi, wachukue. Nimeuandika upya na wasifu wako, mzani umo, nitausoma wote hata wakisema muda umekwisha.

Lala salama, Fundi wangu. Nakuahidi hilo, na hutahitaji kunikoholea. Mama Tumaini amekubali kuja, atakaa mbele. Nikimaliza nitawaomba wote wasimame, Mwenyekiti wa kwanza na mimi nyuma yake, tumpe mkono Mama Tumaini, mmoja baada ya mwingine, na kumwomba radhi yeye, kwa kuwa wewe uliyekuwa unaningoja sikukuwahi.

Mwanafunzi wako,
Sekela